Kibao Kisicho na Ulimi

Wasikilizaji, leo twamtazama Robert Owen, aliyeshika usimamizi wa kiwanda cha pamba cha New Lanark, Scotland, mwaka 1800. Alikuta wizi na ulevi, lakini hakutaka watu wapigwe. Karibu na kila mfanya kazi alitundika kibao chenye rangi nne: nyeusi, buluu, manjano na nyeupe, rangi iliyoelekezwa mbele ilionyesha mwenendo wake wa jana. Hata hivyo walimshuku. Marekani ilipozuia pamba yake, mitambo ilisimama miezi minne, naye akalipa mishahara kamili. Hapo ndipo walipomwamini. Mabwana wengi waliviona vyama vya wafanya kazi kuwa uasi. Yeye mwaka 1834 alikiongoza chama chao kikubwa cha Uingereza. Twaona basi ya kuwa muungwana ni kitendo.