Asali ya Miombo: Tarehe ya Warina wa Tabora

Burton na Speke walipoingia Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta mji wa pembe za ndovu na watumwa, na hizo ndizo biashara zilizojaza vitabu vya wasafiri. Asali haikuwa na sifa hiyo. Ilikaa vijijini ndani ya vilindo vya magome, ikaliwa, ikafanywa dawa, ikachachushwa kuwa wanzuki. Nta iliyobaki mara nyingi ilitupwa.

Wajerumani ndio walioifanya nta kuwa mali. Ulaya ilihitaji mishumaa na dawa ya kung'arishia samani, na miti ya Unyamwezi, nchi ya Wanyamwezi inayozunguka Tabora, ilikuwa imejaa mizinga. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ukashuka Dar es Salaam bila kupanda bega la mpagazi. Waingereza waliowafuata wakaendeleza palepale, hata Tanganyika ikahesabiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nta duniani. Kwa miaka mingi, basi, mnunuzi wa ng'ambo alimjua Mnyamwezi kwa nta yake, wala hakuwahi kuonja asali.

Utamu wenyewe unatoka msituni. Miombo ya Tabora, Sikonge, Urambo na kuendelea hadi Inyonga katika Katavi imetawaliwa na miti ya jamii chache: mtundu, myombo, muba. Muba huchanua mvua zikielekea mwisho, na warina huingia porini kuanzia Mei hadi Julai. Mtundu na wenzake huchipua na kuchanua ukame ukiwa umekaza, kabla mvua hazijaanguka, na hapo ndipo panapopatikana mavuno ya mwisho wa mwaka. Asali ya huku ni nzito, ya rangi ya kahawia au nyekundu, yenye ladha inayobaki kooni. Ya vichaka vya Itigi, Singida, ni nyepesi kwa rangi, na Watanzania wengi huibishania na ya Tabora kama wanavyobishania timu za mpira. Huku Tabora hakuna ubishi.

Kazi ni ngumu kuliko chupa inavyoonyesha. Mzinga wa asili ni gome la mtundu lililobanduliwa zima, likakunjwa, likafungwa kwa kamba za miti na kuzibwa pande mbili, kisha likatundikwa juu mtini, mbali na nyegere na moto wa nyasi. Mwingine huchongwa kwa gogo. Mrina hupanda usiku, kwa kamba na mwenge wa moshi, kwa sababu nyuki wa hapa hawana mzaha mchana. Anayejua kazi huacha machana yenye watoto na kukata masega yaliyofunikwa tu. Asiyejua hukomba yote, na kundi likahama.

Nyuki hawa walimvutia F. G. Smith, ofisa wa nyuki wa serikali ya Tanganyika katika miaka ya 1950. Mwaka 1961 aliwapa majina ya kisayansi nyuki wa pwani, Apis mellifera litorea, na wale weusi wa milimani, monticola. Wa Tabora ni scutellata, wadogo, wepesi kushambulia, wepesi zaidi kuhama.

Na walihama mbali. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tabora ili apate nyuki wa kustahimili joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro, São Paulo. Vizazi vyao vilienea sehemu kubwa ya Amerika Kusini na ya Kati, vikafika Texas mwaka 1990. Huko wakaitwa nyuki wauaji. Sikonge huitwa nyuki.

Baada ya uhuru warina walijipanga. Ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora ulianzishwa mwaka 1962, na Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, pakawa na kiwanda cha kusafisha asali na nta. Shehena zake zilifika hadi Uingereza. Sasa asali nayo ilikuwa na bei, na mrina aliyezoea kuuza nta peke yake alianza kuuza vyote viwili.

Adui wa kazi hii haruki. Tumbaku iliyotia mizizi Urambo baada ya mradi wa karanga wa mwaka 1947 kushindwa hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo ni mitundu na miuba ileile inayolisha nyuki. Lakini warina nao hawawezi kunawa mikono: kila mzinga wa gome huua mti mmoja, maana mti uliobanduliwa kuzunguka shina hauponi. Ndiyo maana mizinga ya vibao, ambayo mrina huitundika na kuifungua bila kubomoa kitu, imehimizwa tangu miaka ya 1970. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 iliruhusu hifadhi za nyuki, na Mizengo Pinda, mwana wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 2008 hadi 2015, alipigia debe kazi hii na kufuga mwenyewe.

Wazee wengi bado hupendelea gome, na mara nyingi sababu ni fedha: gome linapatikana bure porini, kibao kinanunuliwa. Hilo ndilo tatizo lenyewe, na semina za ufugaji haziwezi kuliondoa peke yazo. Kwa mnunuzi, kazi ni ndogo zaidi. Ukisimama Tabora, muulize muuzaji asali imerinwa mwezi gani na msitu upi. Asiyeweza kujibu, mwachie chupa yake.