Ukuzaji wa wachezaji wa soka kulingana na umri

Ukuzaji wa wachezaji kulingana na umri ni utaratibu wa klabu na akademi za soka wa kupanga uwanja, mpira, idadi ya wachezaji na mazoezi kwa kufuata hatua ya ukuaji aliyofikia mtoto, badala ya kumpa mchezo wa watu wazima na kumtaka aumudu.

Goli la kawaida lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Golikipa wa miaka saba akisimama humo, mpira wowote unaopita juu ya mikono yake ni bao, awe na kipaji cha namna gani. Na watoto 22 wakiachiwa uwanja mkubwa wenye mpira mmoja, kundi zima huukimbilia. Wawili watatu wenye nguvu ndio wanaougusa, wengine wanatoka jasho tu. Mtoto asiyegusa mpira hajifunzi kupiga chenga wala kutoa pasi, na kocha anayepiga kelele pembeni hawezi kuziba pengo hilo.

Ndiyo maana vyama vingi vimeupunguza mchezo wenyewe. Mageuzi yaliyopitishwa na chama cha soka cha England (FA) mwaka 2012 yaliweka watano kwa watano kwa walio chini ya miaka 7 na 8, katika goli la mita 3.66 kwa 1.83, kisha saba kwa saba, halafu tisa kwa tisa, na kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kuanzia chini ya miaka 13. Mpira nao hukua pamoja na mtoto: namba 3, namba 4, mwisho namba 5. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Tangu msimu wa 2024/25, wadogo kabisa hucheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, bila golikipa, kwenye viwanja vyenye magoli madogo manne. Hakuna msimamo wa ligi. Timu inayoshinda husogea uwanja wa pili, inayoshindwa hurudi nyuma, hivyo baada ya muda kila mtoto hukutana na anayelingana naye.

Kupiga kichwa pia kumewekewa mipaka. Mwaka 2015 chama cha soka cha Marekani kilitangaza kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini ya hapo kupiga kichwa, na kuwapunguzia wa miaka 11 hadi 13 mazoezini.

Jambo gumu zaidi ni kwamba umri wa cheti si umri wa mwili. Wavulana hurefuka kwa kasi zaidi wakikaribia miaka 14, wasichana wakiwa na miaka 12 hivi, lakini wengine hutangulia na wengine huchelewa kwa miaka kadhaa. Kwenye timu moja ya miaka 13 utamkuta mmoja ameota ndevu na mwenzake bado ana sauti ya kitoto. Kocha anayetaka kombe wikiendi hii humchagua wa kwanza. Aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili naye hupendelewa kwa sababu hiyo hiyo: katika akademi za England, ambako mwaka huo huanza Septemba, waliozaliwa miezi ya mwanzo wamekuwa wengi kupita kiasi. Mwaka 2015 Premier League ilijaribu mashindano yaliyowapanga vijana kwa asilimia ya kimo wanachokadiriwa kufikia ukubwani. Waliowahi kukua wakakosa nafasi ya kutegemea kifua, ikabidi watumie akili. Waliochelewa wakapata nafasi ya kuongoza. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa bado mtoto mdogo, kisha akawa mfungaji bora wa kihistoria wa timu ya taifa ya England. Hukumu ya mapema ni hatari, na klabu yenye busara huahirisha mchujo.

Afrika Mashariki ina utajiri wake. Chandimu ya mitaani, wachezaji wachache, magoli ya mawe mawili, mpira wa makaratasi, humpa mtoto kile ambacho Ujerumani imelazimika kukiandikia kanuni. Chama cha vijana cha Mathare, Nairobi (MYSA), kilichoanza mwaka 1987, kilionyesha kuwa ligi ya watoto wa mtaani inaweza kuendeshwa kwa mpangilio, timu zikipewa pointi hata kwa kusafisha mazingira.

Kinachouharibu utajiri huo ni vijeba, wachezaji waliozidi umri. Kijana wa miaka 17 akichezeshwa kwenye mashindano ya miaka 13, anayeumia si timu pinzani pekee: mtoto wa kweli wa miaka 13 hukaa benchi, na kijeba mwenyewe hafundishwi stadi za umri wake. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, nchini Nigeria. Kipimo hicho hutazama kama mfupa umeshafunga ukuaji, hivyo hakimsaidii kocha wa watoto wa miaka 10 mtaani, ambaye hana budi kudai cheti cha kuzaliwa na kukataa kombe linalopatikana bila cheti hicho.