Mkono Crimea, Magurudumu Mwezini

Ndugu msomaji, wewe unayeshinda kwenye vibanda vya gemu na jostiki mkononi, nipe dakika mbili. Mie naona historia ya safari za mwezini tunaisoma nusu. Tunawakumbuka Wamarekani 12 waliotembea huko kati ya 1969 na 1972, basi. Wako wapi Wasovieti walioendesha gari mwezini bila kunyanyua mguu kutoka Crimea?

Tarehe 17 Novemba 1970 chombo cha Luna 17 kilishusha Lunokhod 1 kwenye uwanda uitwao Bahari ya Mvua. Ilikuwa roboti ya magurudumu manane, kilo 756, umbo kama beseni lenye mfuniko. Dereva wake alikaa kituoni karibu na Simferopol, kashika jostiki. Wenzake wanne walimsaidia: kamanda, mwonyesha njia, mhandisi na mwongoza antena.

Rahisi, eti? Thubutu! Amri ya redio huchukua kama sekunde 1.3 kufika mwezini, na jibu huchukua muda uleule kurudi. Isitoshe, picha hazikuja mfululizo kama sinema. Zilikuja moja moja, na kati yake sekunde kadhaa zilipita. Dereva alipoliona jiwe kwenye skrini, gari lilikwisha kulisogelea. Kwa hiyo alikwenda polepole, kilomita 2 kwa saa au pungufu, akisimama kila mara kupima njia. Kwa mwendo huo wa kinyonga, roboti iliyotarajiwa kuishi miezi 3 ilidumu hadi Septemba 1971, ikakata kama kilomita 10.

Lunokhod 2 ilifika Januari 1973, ikaenda kilomita 39. Mwezi Mei ikaingia ndani ya shimo, mfuniko ukagusa ukingo, ukazoa vumbi. Ulipofungwa, vumbi likamwagikia sehemu ya kupoozea joto. Baadaye mashine ikachemka, ikafa. Kosa dogo la njia, na hakuna fundi wa kumwita.

Madereva wale walikuwa wanajeshi, na wakati ule majina yao hayakutangazwa. Gari lilisifiwa magazetini, mkono uliolishika ukafichwa. Sasa ninyi mnaoota kuandika, siku mkiandika habari za mwezi, wapeni na hawa mistari yao. Au mnasemaje?