Hisi ya jotoridi: baridi isiyoonekana kwenye kipimajoto

Mwenye malaria hutetemeka, aliyenyeshewa mvua hutetemeka, na mwenye ugonjwa wa Parkinson hutetemeka. Kitenzi ni hichohicho. Ndiyo maana mzee wa Bariadi au Maswa, mkoani Simiyu, akitetemeka na kusema mchana wa Septemba, jua likiwa kali na pamba imeshavunwa, kwamba anasikia baridi mpaka mifupani, watu wa nyumbani huwaza malaria. Ni haki yao, na apimwe. Shida huanza kipimo kinapoonyesha hana vimelea, kipimajoto kinasoma nyuzi joto 36.6, naye bado anaomba koti. Hapo huambiwa ni uzee, au anajidekeza.

Huenda ana Parkinson, na hajidekezi. Kilichobadilika ni hisi yake ya jotoridi, na istilahi hii natamani iingie kwenye vituo vyetu vya afya. Wengi huandika "hisi ya joto", na baridi ikaachwa nje, ilhali ngozi ina vipokezi vya joto na vingine vya baridi. Jotoridi, neno la wanafunzi wa fizikia, limeunga joto na baridi pamoja. Jotoridi ya mwili husomwa kwenye kipimajoto. Hisi ya jotoridi ni kile anachosikia mwenye mwili. Kwa mtu mwenye Parkinson, viwili hivi vinaweza kuachana kabisa.

Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua vipokezi vya jotoridi na mguso. Julius alianzia kwenye kemikali inayofanya pilipili iwashe, akakuta kipokezi chake ndicho pia huamshwa na joto la kuunguza. Kutoka hapo habari hupita kwenye neva nyembamba sana hadi uti wa mgongo na ubongo. Parkinson inafahamika zaidi kwa kuua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, lakini madhara yake hufika mbali: kwenye haipothalamasi inayosimamia joto la mwili, kwenye neva zinazoendesha jasho na kubana mishipa ya damu, na hata ngozini, ambako uchunguzi umeonyesha neva nyembamba zikipungua. Ndiyo maana mmoja huamka usiku shuka zimelowa jasho, mwingine miguu yake haipati joto, na mwingine husikia upande mmoja ukiungua wakati ukimgusa ngozi ni ya kawaida.

Wagonjwa wa Parkinson ni wengi kuliko waliotambuliwa. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33 katika jamii ya watu 161,071, na walio wengi walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani.

Mgonjwa mwenyewe hatasema "hisi yangu ya jotoridi imebadilika". Kiswahili chetu husikia baridi kama kinavyosikia njaa na harufu, kwa hiyo mhudumu aulize kwa kitenzi hicho: "Mzee, baridi unaisikia wapi? Mwili mzima au upande mmoja? Inakujia dawa ikikaribia kuisha nguvu, au ukishameza?" Swali la dawa lina uzito, kwa sababu jasho jingi na mawimbi ya joto huja mara nyingi levodopa, dawa kuu ya Parkinson, inapopungua mwilini. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari la kliniki.

Nyumbani kuna mambo ya kuangalia. Aliyepungukiwa na hisi anaweza kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji yanayounguza asishtuke mapema, hivyo mwingine ajaribu maji kwanza kwa kiwiko. Asiwashiwe jiko la mkaa chumbani kwa sababu tu analalamika baridi. Gesi yake isiyoonekana huua.

Na kuna nyakati ambazo kipimajoto ndicho cha kusikilizwa. Benzheksoli, dawa ya kupunguza mtetemo, hupunguza pia jasho, na kwenye jua la Simiyu mwili usiotoa jasho hupanda joto kweli. Hatari zaidi ni kuacha levodopa ghafla, pengine kwa sababu imeisha na nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, haijapatikana. Homa kali ikija na mwili ukakakamaa baada ya dawa kukatika, hiyo ni dharura: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na wa kwanza kumpokea aambiwe dawa ilikatika lini.