Pepo wa kubuni, bunduki za kweli: Johannesburg na mchezo uliowatia watu hofu

Kila mwaka maelfu ya vijana hufurika Johannesburg kwa tamasha la Comic Con Africa, lililozinduliwa mwaka 2018 katika uwanja wa mbio za magari wa Kyalami na baadaye kuhamia kumbi za maonyesho za Nasrec, jirani na Soweto. Wanakuja wamevaa kama mashujaa, wachawi na mashetani, mapanga ya plastiki mabegani. Mezani wanakaa makundi makundi wakirusha dadu na kutunga hadithi ya pamoja. Hakuna askari anayewafuata kuwauliza dini yao. Wazazi wa baadhi ya vijana hao wanayakumbuka mambo mengine kabisa, na sasa ambapo mchezo uliozaa yote haya, Dungeons & Dragons, umeshavuka nusu karne, historia hiyo inastahili kusimuliwa.

Mchezo huo ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna ubao wala mshindi. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, mmoja wao akiwa mchezeshaji. Yeye ndiye anayeieleza dunia: pango, mlango uliofungwa, harufu inayotoka ndani. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, aliyeandikwa kwa penseli kwenye karatasi: nguvu zake, akili zake, majeraha yake, mali aliyonayo. Mchezeshaji anasema kuna upanga mweusi umetundikwa ukutani. Mchezaji anasema, nauchukua. Hapo ndipo dadu lenye pande 20 linaporushwa, na hadithi inageuka.

Upanga ukiwa umelaaniwa, taabu imeanza. Aliyeushika hawezi kuachana nao. Hata akiutupa, siku ya vita anaukuta tena mkononi, mpaka apatikane mtu mwenye uganga wa kuitegua laana. Tangu kanuni za mwanzo kabisa, baadhi ya mapanga ya mchezo huu yalipewa akili na utashi, kiasi kwamba mbebaji mwenye nia dhaifu anatawaliwa na silaha yake mwenyewe. Gygax hakuficha alikojifunza. Katika orodha aliyoichapisha mwaka 1979 ya waandishi waliomwathiri yumo Mwingereza Michael Moorcock, ambaye tangu 1961 alikuwa akiandika habari za mfalme Elric na Stormbringer, pepo aliyejigeuza upanga na kunywa roho za watu. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Aliyelelewa na habari za Fumo Liyongo, shujaa asiyeingiwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, anajua vizuri kwamba chombo cha vita kinaweza kubeba siri na maangamizi.

Johannesburg ilikuwa na wapenzi wa hadithi za namna hii kabla mchezo haujazaliwa. Mwaka 1969 iliundwa klabu ya wapenzi wa hadithi za kisayansi na za kufikirika, ambayo jarida lake, Probe, na shindano lake la hadithi fupi, Nova, vimewalea waandishi kwa miongo. J.R.R. Tolkien mwenyewe, baba wa hadithi hizi zote, alizaliwa Bloemfontein mwaka 1892. Televisheni ilichelewa sana nchini humo, ikafika Januari 1976 tu, kwa hiyo kizazi kizima kilikulia kwenye redio na vitabu. Dungeons & Dragons ulipoingia, ulikuta mbegu imeshapandwa, ingawa kwa sehemu kubwa ulibaki mchezo wa vitongoji vya wazungu, kama vilivyokuwa vitu vingi vilivyohitaji fedha za kigeni na jioni zisizo na hofu ya polisi.

Kisha ikaja hofu. Waliouchunguza vizuri zaidi mkasa huo ni wanahistoria Danielle Dunbar na Sandra Swart, katika makala yao ya 2012, na Nicky Falkof wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliyeuandikia kitabu mwaka 2015. Wote wanaonyesha jambo moja: kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, jamii ya wazungu wa Afrika Kusini iliamini kwamba watoto wake wanatekwa na Shetani.

Chanzo kilikuwa ng'ambo. Huko Marekani vikundi vya wazazi na wahubiri vilikuwa vimeutangazia vita mchezo huu tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Mwaka 1984 mhubiri wa vibonzo Jack Chick alitoa kijitabu kilichodai kwamba wachezaji wanafundishwa uchawi halisi. Kampuni yenyewe iliyochapisha mchezo ilinywea: toleo jipya la 1989 liliwaondoa mashetani, na waliporudishwa miaka miwili baadaye walipewa majina ya kubuni ili wahubiri wasipate la kushika. Maandishi na kanda za mahubiri hayo zilisafiri dunia nzima, na Afrika Kusini zilipokewa kwa mikono miwili. Muziki wa roki, nguo nyeusi, michoro ya pembe na nyota, michezo ya kuigiza wahusika: vyote vikawekwa kapu moja, vikaitwa mlango wa kuzimu.

Magazeti yalivuna. Mwaka 1990 zilienea habari za watoto wachanga waliotolewa kafara na waabudu Shetani. Maiti hazikuonekana. Lakini shuleni wanafunzi walihubiriwa, makanisani wazazi walipewa dalili za kumtambua mtoto aliyepotea, na dalili zenyewe zilikuwa zile zile ambazo mzazi yeyote wa kijana anaziona nyumbani: kujifungia chumbani, kusoma usiku, kuwa na marafiki wageni, kuandika vitu visivyoeleweka. Kijana mwenye daftari lililojaa ramani za mapango na majina ya mapepo alikuwa na ushahidi tosha dhidi yake mwenyewe.

Aliyeipa hofu hiyo sura ya serikali ni mpelelezi Kobus Jonker wa Port Elizabeth. Jonker alikuwa Mkristo aliyeokoka na hakuificha imani yake. Alihutubia, aliandika vitabu, akajulikana nchi nzima kama mwindaji wa Shetani. Mwaka 1992 Jeshi la Polisi lilimpa kikosi kizima cha kupeleleza uhalifu unaohusiana na mambo ya giza. Polisi wa serikali, kwa mshahara wa umma, wakakabidhiwa kazi ya kutambua alama za kuzimu.

Tuutazame mwaka huo huo wa 1992 vizuri. Usiku wa Juni 17, katika kitongoji cha Boipatong, kusini mwa Johannesburg, watu 45 waliuawa kwa risasi, mikuki na mapanga. Lilikuwa shambulio moja tu kati ya mengi. Kuanzia 1990, Mandela alipotoka gerezani, hadi uchaguzi wa 1994, karibu watu 14,000 walikufa katika ghasia za kisiasa, wengi wao Natal na katika vitongoji vya watu weusi kuizunguka Johannesburg. Huko kaskazini mwa nchi, mamia ya watu, wengi wao vikongwe, waliuawa na majirani kwa tuhuma za uchawi, hadi serikali ya jimbo ikaunda tume iliyotoa ripoti mwaka 1996. Mapanga yaliyolaaniwa yalikuwa yakitembea mchana kweupe. Kikosi cha Jonker kilijulikana zaidi kwa kuwatafuta mashetani vyumbani mwa watoto wa vitongoji tulivu.

Na watoto wenyewe? Mvulana mzungu aliyechezea upanga wa kubuni akiwa na miaka 16 alisubiriwa na upanga wa kweli. Hadi utawala wa kibaguzi ulipokaribia kufa, sheria ilimdai aingie jeshini amalizapo shule, na kwa miaka mingi ya vita vya Angola na Namibia utumishi huo ulikuwa wa miaka miwili. Alipewa bunduki aina ya R4 na kupelekwa mpakani, au kwenye magari ya deraya ndani ya Soweto. Wahubiri waliotetemeka mbele ya dadu la pande 20 hawakuitetemekea bunduki hiyo. Wengi wao waliibariki. Falkof ana hoja ninayoikubali moja kwa moja: Shetani wa miaka ile alikuwa jina la hofu nyingine. Dola iliyojiita ya Kikristo ilikuwa inaporomoka, dhambi yake ilikuwa imeanza kutajwa hadharani, na ilikuwa rahisi kumsaka adui mwenye pembe kuliko kujitazama.

Tusijidhani sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa werevu zaidi. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za Shetani nchini Kenya, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilipotangazwa mwaka 1999 iliziachia shule hofu nyingi kuliko majibu. Mwaka 1995, ulipokuwa ukikaribia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, pepo aitwaye Popobawa aliwakesha watu nje ya nyumba zao Pemba na Unguja. Wakati wa mabadiliko makubwa, pepo hapati shida kupata wafuasi.

Jonker alistaafu karibu na mwaka 2000 na mchezo ukaishi. Ulikuwa umeshapata makao mengine pia: mwaka 1978, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walikuwa wameanzisha dunia ya maandishi inayochezwa na wengi kwa kompyuta. Chuo cha Rhodes kilipoiunganisha Afrika Kusini na intaneti mwaka 1991, mtu wa Johannesburg aliweza hatimaye kuandika aya yake ya vita na mashetani, akalala, akaamka na kukuta wenzake wa mabara mengine wameiendeleza. Mwaka 2008, mwanafunzi wa Krugersdorp, magharibi mwa jiji, alipomuua mwenzake shuleni kwa upanga, lawama zilirukia tena muziki na Shetani. Mwaka 2012 ikavuja habari kwamba polisi wanafufua kazi ya kikosi kile. Katikati ya hayo, Lauren Beukes, mzaliwa wa Johannesburg, aliandika Zoo City, riwaya ya uchawi katika mitaa ya Hillbrow, na mwaka 2011 akatwaa Tuzo ya Arthur C. Clarke.

Kinachonisikitisha ni kumbukumbu. Vitabu vya waliowinda mapepo vipo maktabani. Hadithi zilizowindwa, zilizotungwa na watu watano watano kwa penseli, hazikupewa rafu. Maktaba kuu ya jiji la Johannesburg, iliyofunguliwa mwaka 1935, ilifungwa mwaka 2020 na ikaanza kufunguliwa kwa sehemu mwaka 2025 tu, baada ya wakazi kupiga kelele sana. Sasa milango iko wazi, wasimamizi wake watoe tangazo moja: mwenye daftari la mchezo, ramani ya pango au karatasi ya mhusika ya miaka ile, alete. Jiji lililopeleleza mawazo ya watoto wake linadaiwa angalau kuyahifadhi.