Karagosi na Misimu: Kaya kama Jukwaa katika Eneo la Liboi

Neno karagosi limo katika kamusi za Kiswahili, nalo limepewa maana mbili. Ya kwanza ni mwanasesere anayechezeshwa mbele ya watazamaji. Ya pili ni mtu anayetumiwa na wengine kwa manufaa yao. Maana ya pili imeimeza ya kwanza. Msomaji wa magazeti ya Afrika Mashariki amekwisha kukutana na makaragosi wa mabeberu mara nyingi kabla hajamwona hata mmoja wa ngozi au wa mti. Neno kibaraka nalo limepita njia iyo hiyo. Hivyo Kiswahili kina jina la chombo cha sanaa ambacho wengi wa wasemaji wake hawakupata kukitia machoni. Jina lenyewe linamkumbusha Karagöz, yaani "jicho jeusi", mhusika mkuu wa michezo ya kivuli ya Waturuki, aliyeenea pamoja na dola ya Uthmaniya hadi Misri na Afrika ya Kaskazini.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wahakiki wa sanaa za maonyesho wamelipita kwa haraka, nalo ni nafasi ya kaya katika kuihifadhi sanaa ya maonyesho kutoka msimu hadi msimu. Palipostawi vikaragosi duniani, aghalabu vilistawi mikononi mwa jamaa moja: baba akicheza, mama akishona mavazi, watoto wakirithi sauti pamoja na vyombo. Je, katika Afrika Mashariki, ambako ukumbi wa namna hiyo haukujengeka, nafasi yake ilijazwa na nini? Eneo lililoteuliwa kwa uchunguzi ni Liboi, katika Kaunti ya Garissa. Uteuzi huu yamkini utashangaza, kwa kuwa Liboi si mahali panapotajwa vikaragosi vinapozungumzwa. Lakini ni mahali ambapo kaya, misimu na onyesho vimefungamana kiasi cha kutotenganishika bila kuumizana.

Mjadala wa jumla unafahamika. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alishikilia kwamba drama si utanzu ulioenea wala kukomaa barani humu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya mwaka 1976, waliyaelekeza macho ya wasomi kwenye sanaa za jadi ambazo kipimo cha Ulaya hakikuweza kuziona. Jibu hilo lilikuwa la lazima na bado lina nguvu. Hata hivyo, uhakiki uliofuata ulikubali sharti moja la upande wa pili bila kulihoji: kwamba onyesho ni tukio, lenye siku yake maalumu na umati wake. Yale yanayofanyika nyumbani kila siku, mbele ya watu watano au sita wa damu moja, yaliachwa nje ya mlango wa ukumbi.

Liboi ni mji mdogo wa mpakani, kwenye barabara itokayo Garissa kupitia Dadaab na kuingia Somalia upande wa Dhobley. Wenyeji wake ni Wasomali, wengi wao wa koo za Ogaden, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mwaka wao una misimu minne: gu, mvua za Aprili hadi Juni, xagaa, miezi ya upepo inayofuata, deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba, na jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Mtu wa pwani atatambua humo masika, kipupwe, vuli na kiangazi chake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kwa mfugaji msimu huamua nani yuko wapi. Mvua inaponyesha, watu hukusanyika. Kiangazi kinapokaza, kaya hugawanyika, vijana wakafuata ngamia mbali, na kina mama, wazee na watoto wakabaki na mifugo midogo karibu na maji.

Kwa hiyo kila msimu una kazi zake, kila kazi ina nyimbo zake, na kila wimbo una wenyewe ndani ya kaya. Mtaalamu Axmed Cali Abokor, aliyechapisha mwaka 1987 uchunguzi wake kuhusu ngamia katika mapokeo simulizi ya Wasomali, ameonyesha jinsi nyimbo za kazi zinavyofuatana na utunzaji wa mnyama huyo. Ngamia aliyekula majani mabichi hana haja kubwa ya kisima. Kwa hiyo nyimbo za kunywesha ni nyimbo za kiangazi, na waimbaji wake ni wanaume waliosimama kisimani wakivuta maji kwa zamu. Nyimbo za kusuka maziwa ni za mvua, maana wakati wa jilaal chombo huwa kitupu, na mwimbaji wake ni mwanamke. Zipo za kusuka mikeka, na zipo za kumpakia ngamia mizigo siku ya kuhama. Kina mama hawahitaji kumpa mtoto somo la utanzu huu: yeye hushika upande wa pili wa chombo cha maziwa, na mkono ukishika mapigo, maneno hufuata. Ukitazama mpangilio huu kwa jicho la mhakiki wa tamthilia, utaona mambo yote ambayo kikundi cha maonyesho hutafuta kwa taabu: mgawanyo wa majukumu kwa umri na jinsia, mazoezi yasiyokoma, na ratiba ambayo hadhira haihitaji kutangaziwa.

Jukwaa lenyewe linahama. Nyumba ya mfugaji, aqal, ni fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Mjenzi wake ni mwanamke, naye huibomoa, huipakia juu ya ngamia na kuisimamisha tena penginepo. Ndani yake, usiku, husimuliwa Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu linalonasa nyayo za mtu aliye mbali. Hadithi hii ni tamthilia ya sikio. Mtambaji huiweka hadhira yake katika hali ya kusikiliza kitu kinachowasikiliza wao, na kimya cha nje ya mikeka hufanya kazi ambayo katika ukumbi wa mjini ingehitaji ngoma na taa. Mchana watoto hucheza uchungaji: katika jamii nyingi za wafugaji wa Kenya kaskazini, vijiwe na mifupa hugeuzwa kuwa mifugo, huchungwa, huzalishwa, hugawanywa kama mahari. Kijiwe kinachosemeshwa na kujibu kwa sauti ya mtoto ndicho kitu kilicho karibu zaidi na karagosi katika eneo hili, na ni ajabu kwamba wahakiki wamewaachia waanthropolojia mchezo huo.

Misimu ya mvua huleta pia tanzu za hadhira pana. Harusi huwa nyingi, na pamoja nazo buraanbur, ushairi wa wanawake unaotungwa na kughanwa na wao wenyewe kwa kofi na ngoma. Gabay, utungo mrefu wa wanaume, husafiri kwa vinywa vya wahifadhi wanaopaswa kutoa shairi neno kwa neno na kumtaja mtunzi wake. Kinachoufunga utungo huo ni takriri ya sauti ya mwanzo wa neno, moja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mhakiki wa Kiswahili, aliyelelewa kwa vina vya kati na vya mwisho, itambidi alizoeze upya sikio lake kabla ya kuhukumu.

Hapo ndipo kinaya cha historia kinapojitokeza. Vikaragosi vya Karagöz hukatwa katika ngozi ya ngamia, iliyosuguliwa mpaka ipitishe nuru, ikatiwa rangi na kutobolewa matundu ya vijiti. Mali ghafi ya sanaa ile imejaa Liboi, lakini mtu wa Liboi aliitumia ngozi ya ngamia kwa kamba na viatu. Sababu inayotajwa upesi ni katazo la sanamu katika Uislamu. Sababu hiyo haitoshi. Karagöz alichezwa katika miji ya Waislamu, tena hasa katika mikesha ya Ramadhani, ambapo mchezaji stadi alitarajiwa kuwa na mchezo tofauti kwa takriban kila usiku wa mwezi. Na huko Cairo Ibn Daniyal alikwisha kuandika michezo ya kivuli katika karne ya 13. Sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni ya uchukuzi. Karagöz anahitaji mkahawa wa kahawa, pazia, taa na mji ambao haulali. Kaya ya mfugaji hupima kila kitu kwa mgongo wa ngamia, na kitu pekee ambacho hakiongezi uzito ni neno.

Ulinganisho na Sisilia unalifafanua jambo hili. Huko Palermo, jamaa ya Cuticchio imekuwa katika kazi ya vikaragosi kwa vizazi kadhaa. Mimmo Cuticchio alizaliwa mwaka 1948 wakati wazazi wake wakizunguka mijini na ukumbi wao, na mwaka 1973 alifungua ukumbi wake mwenyewe mjini Palermo. Visa vya mashujaa wa Mfalme Charlemagne vilichezwa kwa mfululizo, usiku baada ya usiku kwa miezi mingi, mbele ya watazamaji walewale wa mtaa. Televisheni na uhamaji wa watu baada ya Vita Kuu ya Pili vilizifunga kumbi nyingi kama hizo. Zilizosalia zilisalia kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa ghala, karakana na shule. Zaidi ya hayo, hadhira ilikuwa na mazoea yake ya kurudi. UNESCO iliitambua sanaa hiyo mwaka 2001, ilipokuwa imebaki mikononi mwa wachache. Pamoja na tofauti zote za mbao, chuma na neno, kaya ya Palermo na kaya ya Liboi zina kanuni moja: kalenda ya onyesho ni kalenda ya watazamaji.

Kalenda hiyo ilivunjwa Liboi kwa awamu. Ukoloni uliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, lisiloingiwa bila kibali. Vita vilivyoitwa vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, vilileta sheria za hali ya hatari, na katika 1966 na 1967 wafugaji wengi waliwekwa katika vijiji vya ulinzi; mtu aliyezuiwa kuhama alizuiwa pia kuimba wimbo wa kuhama. Sheria hizo ziliendelea kuwapo hadi 1991. Mwaka huohuo serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu, na maelfu ya wakimbizi wakavuka mpaka na kupiga kambi Liboi, kabla ya wengi kupelekwa kwenye kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera karibu na Dadaab. Kambi ya Liboi ilifungwa baadaye katika muongo huo, lakini zile za Dadaab zilikua, hata katika ukame wa 2011 zikawa na watu zaidi ya 460,000. Kambini msimu mkuu ni siku ya mgao wa chakula. Buraanbur haikufa, maana watu huoa hata katika dhiki, na gabay ilikuwa imekwisha kupata kaseti ya kusafiria. Nyimbo za kunywesha hazikupata chombo kama hicho. Ziliumbwa kwa kiu ya ngamia, na aliyempoteza ngamia wake hakuwa na pa kuziimbia.

Vikaragosi vilipokuja Kenya kwa nguvu, vilikuja kwa mlango mwingine. Katikati ya miaka ya 1990 kulianzishwa Nairobi mradi wa vikaragosi vya afya ya jamii, uliojulikana kwa kifupi kama CHAPS, kwa mafunzo ya Gary Friedman wa Afrika ya Kusini, aliyekuwa amevitumia vikaragosi nchini kwake dhidi ya UKIMWI tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Vikundi vya vijana vilifunzwa kutengeneza na kuchezesha, na mada zilikuwa nzito na za kweli: UKIMWI, uzazi wa mpango, ukeketaji, rushwa. Karagosi alionekana kuwa na faida moja kubwa, kwamba aliweza kutamka hadharani neno ambalo mtu mzima angeona haya kulitamka mbele ya mkwe wake. Itakuwa dhuluma kuidharau kazi hii. Lakini kalenda yake ilikuwa ya mradi: fedha zikija, onyesho, ripoti ikiandikwa, kimya. Mchezaji alikuwa mfanyakazi wa kujitolea au wa posho, si mrithi, na ujumbe ulitangulia kisa. Penina Mlama, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu sanaa ya maonyesho na maendeleo, alikwisha kutahadharisha juu ya maendeleo yanayopangwa bila utamaduni wa wahusika. Kutoka hapo hadi The XYZ Show, tashtiti ya kisiasa iliyoasisiwa na mchoraji Gado na kuanza kurushwa na televisheni ya Citizen mwaka 2009, ustadi uliongezeka na ulimi ukanolewa. Huko nako neno msimu lilipata maana mpya: fungu la vipindi, linalosubiri mfadhili wa fungu lijalo.

Liboi ya leo ina shule, na mtoto wa mfugaji husoma humo tamthilia za Kiswahili kwa mtihani wa taifa. Muhula wa kwanza huanza Januari, jilaal inapoingia. Wakati anapofungua kitabu kutafuta maana ya jukwaa, ndugu zake wako kisimani, na zamu yake ya kuitikia huitikiwa na mwingine.