Nani aliamua besi iwe na nyuzi nne?

Katikati ya miaka ya 1970, kijana wa New York aitwaye Anthony Jackson alimwendea fundi wa magitaa, Carl Thompson, na ombi ambalo wapigaji wenzake wengi wangelishangaa. Alitaka gitaa la besi lenye nyuzi sita: uzi mmoja mzito zaidi ya ule mzito uliozoeleka, na mwingine mwembamba zaidi ya ule mwembamba uliozoeleka. Zile nne za kati zibaki kama zilivyo. Aliliita gitaa hilo kontrabesi, na hakulitaka kwa ajili ya mbwembwe za jukwaani. Alilitaka liwe chombo chake cha kazi cha kila siku.

Jackson hakuwa mgeni mjini. Mwaka 1973 alikuwa amepiga besi katika wimbo For the Love of Money wa kundi la The O'Jays, na ile besi ndiyo iliyoubeba wimbo kiasi kwamba jina lake liliingizwa kati ya watunzi, sambamba na Kenny Gamble na Leon Huff. Wapo watu watatu aliowataja maisha yake yote kuwa ndio waliomfunza kusikia. Wa kwanza ni James Jamerson, mpiga besi wa Motown. Wa pili ni Jack Casady wa Jefferson Airplane. Wa tatu hakuwahi kushika besi: ni Olivier Messiaen, Mfaransa aliyetunga muziki wa ogani ya kanisani. Huyo wa tatu anaeleza mengi. Ogani kubwa ina mabomba yanayoshuka mbali sana chini ya pale ambapo besi ya nyuzi nne inakomea, na mtu akishayazoesha masikio sauti ile, gitaa la kawaida humpungukia.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu. Gitaa lina nyuzi sita. Besi ya umeme imejengwa kwa umbo la gitaa, ina freti, zile pau nyembamba za chuma shingoni, kama gitaa, na huvaliwa begani kama gitaa. Basi kwa nini iwe na nne? Kwa maoni yake, nne zilitokana na mazoea tu: aliyeibuni alikuwa na fidla kubwa kichwani wakati mikono yake inaunda gitaa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wapenzi wa taarabu asilia ya Unguja wanaijua ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amesimama, nyuma kabisa ya orkestra, ikishikilia sauti ya chini wakati kanuni na udi vinapamba juu. Ni chombo cha heshima, lakini kukisafirisha ni adhabu, na bendi ikiwa na tarumbeta na ngoma kubwa hakisikiki. Mjini Seattle, mnamo 1936, Paul Tutmarc aliuza besi ndogo ya umeme yenye freti, ya kushikwa kwa ulalo, lakini haikushika soko. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alitoa ya kwake na kuiita Precision, kwa kuwa freti zilimhakikishia mpigaji noti iliyonyooka bila kubahatisha kwa kidole. Uzi unaolia ulikuwa na urefu wa inchi 34, yaani kama sentimita 86. Fender alilenga wapigaji wa fidla kubwa waliochoka kubeba mzigo, hivyo akawapa kile walichokizoea: nyuzi nne, zilizotyuniwa E, A, D na G. Kwa soko lile alikuwa sahihi kabisa. Katika muda mfupi Monk Montgomery alikuwa akilipiga gitaa hilo katika bendi ya Lionel Hampton.

Majaribio ya kuongeza nyuzi yalikuwepo kabla ya Jackson. Kampuni ya Danelectro ilitoa besi ya nyuzi sita mwaka 1956, na Fender wakafuata na Bass VI mwaka 1961, ile ambayo Beatles waliitumia mwishoni mwa muongo huo. Lakini zile zilikuwa gitaa la kawaida lililoshushwa oktavu moja, lenye nyuzi zilizobanana, na uzi wake wa chini kabisa ulikuwa E ileile. Mwaka 1965 Fender walijaribu tena na Bass V, wakaongeza uzi juu na kupunguza freti hadi 15. Wanunuzi hawakuitaka. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoshuka chini ya E, na sababu iko kwenye hesabu ya uzi wenyewe.

Uzi wa E wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Jackson alitaka B iliyo chini yake, ambayo hutetema mara 31. Uzi hushushwa kwa njia tatu tu: kuulegeza, kuurefusha, au kuuongezea uzito. Ukiulegeza, unapiga kelele kwenye freti na noti inayumba. Ukiuacha na urefu uleule na mkazo uleule, inabidi uzito wake uongezeke kwa karibu asilimia 80. Ndiyo maana uzi wa B huwa na unene wa kama milimita 3.3, chuma kilichozungushiwa chuma tabaka juu ya tabaka, na hapo linazuka tatizo jingine. Uzi mnene ni mgumu, na uzi mgumu hautetemi sawasawa: sauti zake za juu huachana kidogo na sauti ya msingi, na sikio husikia mngurumo usio na noti. Kila aliyewahi kusimama karibu na besi ya nyuzi tano ya bei rahisi anaujua mngurumo huo.

Besi ya kwanza ya Thompson ilithibitisha kwamba wazo linawezekana, ila nyuzi zilikaribiana mno kwa mkono wa kulia wa Jackson. Ken Smith, fundi mwingine wa New York, alimtengenezea nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1980 yenye nafasi pana zaidi. Kisha akaja Vinny Fodera, aliyepitia karakana za Stuart Spector na Ken Smith kabla ya kufungua ya kwake Brooklyn mwaka 1983 pamoja na Joey Lauricella. Hapo ndipo kazi ilipoiva. Kwa miaka mingi Jackson na Fodera walitengeneza besi, wakaitumia, wakaikosoa, wakatengeneza nyingine. Urefu wa uzi ulipandishwa hadi inchi 36, sentimita 91. Inchi mbili zinaonekana kama si kitu, lakini kwa uzi uleule na noti ileile, mkazo huongezeka kwa asilimia 12, na B huacha kuyumba.

Katika karakana hiyohiyo lilizaliwa umbo ambalo leo liko kila mahali kwenye besi za kuagiza: upande wa juu wa kiwiliwili haukatwi, bali unapanda na kuungana na shingo mbele zaidi, ili shingo ishikwe na mbao nyingi. Jackson alikwenda mbali kuliko wenzake wote katika kuondoa kila kinachoweza kuinyonya sauti. Besi yake ya Fodera haikuwa na kitufe hata kimoja cha kupandisha wala kupunguza. Waya ulitoka kwenye sumaku moja kwa moja hadi kwenye tundu la kuchomekea. Alipiga ameketi, mguu mmoja juu ya kigoda, kama wapigaji wa gitaa la klasiki, na alifanya hivyo mbele ya umati wowote ule.

Tukirudi katikati ya miaka ya 1970, upande wa pili wa Marekani, mpiga besi Jimmy Johnson, ambaye baba yake alipiga fidla kubwa katika Orkestra ya Minnesota, alikuwa ameshawaendea mafundi wa Alembic wa California. Katika orkestra zipo fidla kubwa za nyuzi tano zenye B chini, na yeye alitaka hivyohivyo kwenye umeme. Alipata besi yake mwaka 1976. Kwa miaka kadhaa hizi zilibaki besi za watu wachache. Kilichozisukuma hadi madukani ni kinanda: katika miaka ya 1980 sintesaiza zilianza kupiga besi kwenye rekodi za pop na soul, zikishuka hadi D na C kwa kidole kimoja, na mpiga besi aliyeitwa studio akajikuta ameambiwa apige noti ambazo gitaa lake halina. Kampuni ya Music Man ilitoa besi yake ya StingRay ya nyuzi tano mwaka 1987. Baada ya hapo uzi wa B ukawa bidhaa ya kawaida.

Lakini anayetaka sita, saba au zaidi bado humwendea fundi, na kazi ya fundi huyo huanzia kwenye shingo. Nyuzi sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100, saa 24, mwaka baada ya mwaka, na shingo ambayo kwenye besi ya Jazz ya Fender huanza na upana wa milimita 38 sasa inazidi 50. Kipande kimoja cha mbao hakistahimili. Fundi huchana mbao kwa urefu kuwa vipande vitano au saba, huvigeuza ili nyuzinyuzi za kila kimoja zielekee kinyume na za jirani yake, hupaka gundi na kuvibana kwa jiriwa usiku kucha. Vipande vikitaka kupinda, kila kimoja kinamzuia mwenzake. Katikati huchonga mfereji wa ufito wa chuma unaorekebishika kwa spana, na pembeni yake huweka fito mbili za kaboni. Kisha huiacha shingo itulie kwa wiki kadhaa kabla ya kuigusa tena kwa randa, kwa sababu mbao iliyopigwa randa leo inaweza kuwa imejikunja keshokutwa.

Hapo freti hazijaingia. Msumeno wa kukatia mifereji yake ni mwembamba kuliko kadi ya simu ikilazwa, na freti ikikosewa nafasi hata kidogo, noti zake hazitalia sawa tena. Kisha ni mizani: shingo ikizidi kiwiliwili, besi huinama kuelekea chini mara mpigaji anapoiachia, na mkono wa kushoto unaishia kubeba badala ya kupiga. Wengine hupunguza kichwa kwa kutumia vikaza uzi vidogo. Wengine hukiondoa kabisa, kwa njia ambayo Ned Steinberger aliionyesha dunia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Tatizo la urefu lilipata jibu zuri kuliko yote mwaka 1989, Ralph Novak wa California alipopata hataza ya freti zilizotandazwa kama upepeo. Nyuzi nyembamba zinataka urefu mfupi, nzito zinataka mrefu. Novak alizipa zote haki yake kwenye shingo moja kwa kuinamisha freti. Wazo lenyewe ni la kale, kwani baadhi ya ofarioni, vyombo vya nyuzi vya Uingereza vya karne ya 16, zilikuwa na freti za mshazari. Sheldon Dingwall wa Saskatoon, Kanada, alilichukua na kulipeleka kwenye besi: uzi wa B unakuwa na inchi 37, wa G inchi 34. Anayeishika mara ya kwanza huiogopa kwa macho, lakini vidole huzoea haraka, maana mkono unaponyooshwa huelekea mshazari wenyewe.

Baada ya sita, mipaka ilibaki ya fundi na mteja wake. Bill Conklin wa Missouri alijijengea jina kwa besi za nyuzi saba, na alimtengenezea mpiga besi Jean Baudin ya tisa. Les Claypool wa kundi la Primus alirudi kwa Thompson yuleyule na kupata besi ya nyuzi sita isiyo na freti, iliyoundwa kwa mbao za rangi nyingi. Ipo sababu ya kusita hapa. Chini ya mitetemo 20 sikio la binadamu halisikii tena noti, na spika nyingi huchoka hata kabla ya 40. B yenyewe mara nyingi tunaisikia kwa kuundiwa na ubongo: spika inatoa sauti za juu za uzi, na kichwa kinajaza msingi uliokosekana. Kuongeza uzi chini zaidi ya hapo ni kuongeza uzito begani.

Mbao nazo zina mipaka, na hapa habari inafika nyumbani. Wenge, ule mti mweusi wa misitu ya Kongo uliotoa jina kwa Wenge Musica ya Kinshasa, uko kwenye shingo za besi nyingi za kuagiza kwa sababu ni mgumu na haujikunji kirahisi. Mpingo ni mzito zaidi, na sauti yake mafundi wanaisifu. Januari 2017 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, chini ya vibali vya kuvuka mipaka, na kwa karibu miaka mitatu hata mwanamuziki aliyeuza gitaa lake la zamani ng'ambo alihitaji karatasi. Novemba 2019 vyombo vilivyokamilika viliondolewa kwenye sharti hilo, isipokuwa vyenye ule mti wa Dalbergia wa Brazili ambao biashara yake imepigwa marufuku. Mbao ghafi bado inataka kibali. Na kwa besi ya nyuzi sita yenye freti 28, ubao wa kupigia unataka kipande kimoja kisicho na kifundo, urefu zaidi ya sentimita 70, upana wa karibu kiganja. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia umri wa kuvunwa, na shina lake ni fupi na limepindapinda, kwa hiyo sehemu kubwa ya unaovunwa Kilwa na kwingineko kusini mwa Tanzania huishia kwenye klarineti na oboe, ambazo hutosheka na vipande vifupi.